Picha Isiyo na Nukta

Ukimpigia simu Bwanali wa Newala ukamuuliza habari, atakwambia nzuri. Upepo umeezua paa la jiko, nzuri. Fisi kamla mbuzi, nzuri tu, tunamshukuru Mungu. Usimwite mwongo, maana mwongo huwa anatafuta faida, na Bwanali hakuwahi kupata faida yoyote kwa hizo nzuri zake. Alilelewa na wazee walioamini kwamba mtu aliye mbali hatwishwi mzigo asioweza kuutua. Aachwe afike nyumbani kwanza, anawe miguu, anywe maji. Hapo ndipo ataambiwa, na hata hapo ataambiwa taratibu.

Ni adabu nzuri, mpaka siku inapokuangukia wewe. Ilimwangukia Shakila, mtoto wake wa pekee. Aliitwa kutoka Uingereza kwa maneno kwamba mama yake anaumwa kidogo na angependa kumwona. Aliposhuka kwenye gari akakuta mikeka imetandikwa uani, wanawake wamekaa wamejifunika kanga. Hakuna aliyefungua mdomo kumwambia, mikeka ndiyo iliyomwambia. Mama yake, Mwanasha, alikuwa amekwisha kuzikwa.

Sasa arobaini ilikuwa imesomwa na wageni wamerudi makwao. Nyumbani walibaki watatu: Shakila, baba yake, na Faidha, mdogo wake marehemu, mwanamke asiyejua kusema kwa sauti ya chini. Kazini walishamuuliza Shakila anarudi lini, na yeye alikuwa hajakata tiketi. Atarudije? Akifika huko atapiga simu, atauliza habari, ataambiwa nzuri, na hatajua kama aliyemjibu ni mzima au ni mtu wa kufa kesho. Alitaka kitu kimoja tu kabla ya kuondoka, baba yake amwambie jambo moja baya kwa kinywa chake, liwe lolote, hata la mbuzi. Akishindwa kulipata, alishakata shauri: ataiacha kazi abaki Newala. Na kazi ile aliipenda, Mungu anajua.

Watu wa mtaani hawakuielewa vizuri kazi yenyewe. Faidha alikuwa akiwatangazia sokoni kwamba mtoto wetu ana darubini yake angani, kana kwamba Shakila aliinunua mwenyewe. Kweli darubini ipo, inaizunguka dunia juu ya hewa, lakini si ya mtu mmoja. Imepelekwa huko kwa sababu hewa hii tunayovuta huzuia sehemu kubwa ya mwanga wa urujuanimno, ule ambao jicho la mtu haliuoni, na mwanga huo ndio Shakila aliousomea. Ikitokea mbali huko nyota kubwa imekufa, mara nyingine hutoa mlipuko wa miale ya gama, mkali kuliko kitu chochote mbinguni, na mara unakuwa umekwisha. Darubini hujigeuza yenyewe haraka kutazama ulikotokea, maana nyuma ya mlipuko hubaki mwanga kidogo unaofifia kama kaa lililotolewa mekoni. Mtu wa zamu, popote alipo duniani, hufungua picha, huzisoma, na kuwaarifu wenzake kabla mwanga ule haujazimika.

Asubuhi hiyo zamu ilikuwa ya Shakila. Aliwaambia wenzake yuko tayari hata akiwa kwao. Kukaa bure kulikuwa kumemchosha. Alikaa barazani na kompyuta yake mapajani, simu ikimpa mtandao. Baba yake alikaa mkekani mbele yake akichambua korosho za mavuno mapya, na harufu ya mabibo ilikuwa imejaa uani. Uani huko huko Faidha alikuwa akitwanga kisamvu na kulalamikia bei ya maji.

Shakila alimtazama baba yake anavyochambua. Zamani Bwanali alikuwa akitupia jicho mara moja tu, nzuri huku, mbovu kule, mikono inakimbia. Siku hizi aliishika kila korosho, akaizungusha kati ya vidole, akaipapasa tumbo na mgongo kabla ya kuitupa upande wake. Ni huzuni, Shakila aliwaza. Huzuni huchelewesha mikono. Hata baiskeli, baba alikuwa amempa mpwa wake, akisema magoti yamechoka.

"Baba, umelalaje?"

"Nimelala vizuri."

"Kifua kile?"

"Kizuri."

"Na chakula, mbona jana hukumaliza?"

"Kilikuwa kizuri mno, nikashiba mapema."

Faidha alicheka huko kwenye kinu. "Huyo ukimkuta kaangukiwa na mkorosho atakwambia kivuli ni kizuri."

Shakila hakucheka. Alihisi hasira ikimpanda, hasira ile ile ya siku ya mikeka, na akajionea aibu kwa kumkasirikia mtu mpole kama huyu. Kabla hajajua aseme nini, simu yake ikalia kwa mlio wa kazini.

Alisoma, na uso wake ukabadilika. Mlipuko umetokea. Darubini imekwisha kugeuka, picha za kwanza zinashuka. Alivuta kompyuta karibu, akaanza kuzifungua moja moja, na kwa muda ule akasahau msiba, hasira, na kila kitu. Picha ya rangi za kawaida ilipofunguka, nukta ilikuwepo, ndogo na hafifu, ndani ya duara la kijani alilokuwa amelichora kuonyesha mahali pa kutazama. Haikuwepo kwenye ramani yoyote ya zamani. Ilikuwa mpya.

Furaha haitaki kuliwa peke yake. Alishuka barazani, akapiga magoti mkekani pembeni ya baba yake, akamgeuzia kompyuta.

"Baba, tazama. Nyota imekufa mbali kabisa. Unaiona hiyo nukta?"

Bwanali aliinua kichwa, akakielekeza kwenye kompyuta. Alitabasamu. "Naiona. Nzuri sana."

"Hata sisi tunaiona kwa shida."

"Nzuri, mwanangu. Hongera."

Shakila alibonyeza ikaja picha inayofuata. Ilikuwa ile ya urujuanimno, na yeye mwenyewe ndiyo kwanza anaiona. Duara la kijani lilikuwa tupu. Ndani yake kulikuwa na weusi mtupu. Alikuwa ameanza kufikiri maana yake aliposikia sauti ya baba yake karibu na sikio.

"Na hii nayo nzuri. Hii imezidi hata ile ya kwanza kwa kung'aa."

Shakila hakugeuka upesi. Aliitazama picha tena, asije akawa yeye ndiye aliyekosea. Kisha akamtazama baba yake. Macho ya mzee hayakuwa kwenye duara, wala kwenye picha. Yalikuwa yametulia hewani, kidogo juu ya kompyuta, na tabasamu bado lipo mdomoni likimsubiri mtoto afurahi.

"Baba," alisema polepole, "hapa hakuna kitu."

Mkono wa Bwanali ulisimama na korosho yake.

"Hii picha haina nukta, baba. Nimekuonyesha giza."

Mchi wa Faidha nao ulikuwa umenyamaza. "Baba Shakila," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Shakila amfahamu, alisema kwa sauti ya chini, "mwambie mtoto. Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Shemeji, una mdomo."

"Mdomo ninao na macho ninayo. Wewe je?"

Bwanali aliiweka ile korosho chini. Hakuiweka upande wa nzuri wala wa mbovu. Aliipangusa mikono yake kwenye kikoi kwa muda mrefu, kama mtu anayetaka kushikwa mkono na mgeni wa heshima.

"Sioni, mwanangu," alisema. "La kulia limeziba kabisa. La kushoto linaniambia kuna mtu amesimama, lakini sijui ni nani mpaka aseme."

"Tangu lini?"

"Kabla mama yako hajazidiwa. Yeye ndiye alikuwa akinisomea vidonge vyake, hiki cha asubuhi, hiki cha jioni, mimi nampa. Anaumwa yeye, na bado yeye ndiye alikuwa macho yangu."

"Na baiskeli?"

Mzee alijikuna kidevu. "Nilimgonga mbuzi wa watu."

Shakila alicheka, na kicheko kikageuka kilio hapo hapo, kwikwi zikamshika kama mtoto. Alikuwa ameomba jambo moja baya, na sasa yalikuwa yanakuja mengi kwa pamoja, na moyo haukujua uyapokee vipi. Faidha alisogea akaketi nyuma yake, akamwekea mkono mgongoni.

"Kwa nini hukuniambia?" Shakila aliuliza alipopata sauti. "Hili si neno. Ya mama, kwa nini hukuniambia? Ningepanda ndege siku ile ile."

"Nilikwambia."

"Baba!"

"Nilikwambia, Shakila." Alisema kwa upole, lakini hakutikisika. "Kila Ijumaa ulipopiga, tukimaliza salamu zetu nampa mama yako simu. Siyo? Ijumaa moja sikumpa. Ya pili sikumpa. Ya tatu sikumpa. Nikasema moyoni, huyu msichana ana akili, amekwisha kujua, sasa atapanga safari yake bila sisi kumvunja moyo njiani. Mtu yeyote wa hapa angejua. Wewe ukasema, msalimie mama. Nikadhani unajikaza."

Shakila alikumbuka. Alizikumbuka Ijumaa zile vizuri mno. Alikuwa na kazi nyingi, baba akasema mama kapumzika, naye akasema haya, msalimie, akarudi kwenye picha zake. Hakupotea kwa ujinga. Alipotea kwa kukaa mbali muda mrefu mpaka akasahau jinsi kwao watu wanavyosema kwa kuacha kusema. Hilo lilimchoma kuliko yote.

"Sikujua, baba," alisema. "Wallahi sikujua."

"Sasa naona hukujua."

Kuku aliingia kwenye kisamvu, Faidha akamfukuza kwa kanga bila kuinuka. Bwanali ndiye aliyeanza kusema, na kwa kawaida yake alikwenda kuuliza habari za mtu mwingine kwanza.

"Na hiyo picha yako isiyo na kitu," alisema, "mtaitupa?"

Shakila alifuta macho. "Hatutupi. Hiyo ndiyo ya maana kuliko ile yenye nukta."

"Ya maana vipi, na wewe umesema ni giza?"

"Mwanga ule ulipotoka ulikuwa na rangi zote. Lakini huko njiani kuna mawingu ya haidrojeni, hewa nyepesi kabisa, na yanaumeza urujuanimno. Nyota ikiwa karibu, urujuanimno wake mara nyingi hutufikia. Ikiwa mbali mno, unamezwa wote, zinabaki hizi rangi nyingine tu. Kwa hiyo tukitazama tukakuta ule haumo, tunaanza kusema, hii imetoka mbali. Huyu alikufa kabla dunia hii haijaumbwa, baba. Habari zake ndiyo kwanza zinafika."

Bwanali alitikisa kichwa kwa kustaajabu.

"Basi na mimi ndivyo nilivyofanya," alisema. "Nilikutumia picha isiyo na mama yako."

Ilikuwa kweli, na Shakila alikuwa amesomea jambo hilo hilo miaka yote, kusoma kile ambacho hakimo. Angeweza kukubali, yakaishia hapo, na baba yake akabaki na ushindi wake. Lakini alijua akiliacha hapo ataondoka bila kile alichokuwa akikitaka, au hataondoka kabisa.

"Kuna tofauti moja," alisema. "Sisi tunasema."

"Mnasema nini?"

"Tunasema hatukuona. Sasa hivi nitawaandikia wenzangu wa dunia nzima: tumetazama mahali fulani, kwa muda fulani, katika urujuanimno hatukuona kitu. Nisipoandika, hawatajua kama nilitazama nikakosa au sikutazama kabisa. Kunyamaza kwangu hakutawafaa kitu."

"Unaandika hivyo? Msomi mzima, unawatangazia watu kwamba hukuona?"

"Ndiyo kazi yenyewe."

"Na hawakucheki?"

"Wananishukuru, baba."

Mzee alilipokea jambo hilo kama mtu aliyepewa tunda asilolijua, akaligeuza huku na huku. "Haya, andika," alisema. "Uniandikie mbele yangu. Kisha unisomee."

Shakila aliandika. Kazi ilikuwa ikisubiri kweli, na nukta ile ilikuwa inafifia wakati wao wanalia. Alipomaliza alimsomea kwa Kiswahili, neno kwa neno, na alipofika kwenye 'hatukuona kitu' baba yake akamwambia, "Rudia hapo." Akarudia. "Tena." Akarudia tena. Faidha akasema yeye amekwisha kulishika, wengine wana vichwa vigumu.

Shakila alipokwisha kuituma, Bwanali alinyoosha mkono akitafuta wa binti yake, akaupata.

"Mama yako alikuulizia," alisema. "Siku ile ya mwisho, baada ya alasiri. Figo zilikuwa zimekwisha kumchosha. Akasema, Shakila yuko wapi? Na mimi sikuwa nimekwambia. Ulikuwa huko, kazini, hujui lolote. Nikamwambia, yuko njiani. Akasema, njiani wapi? Nikamwambia, amefika Nanganga. Akauliza tena, nikasema, amepita Masasi, gari linapanda mlima. Akatabasamu. Akaniambia, mwekee ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha, atakuwa na njaa." Sauti ilimkatika, akaisubiri irudi. "Alikufa akikusikiliza ukija. Nilimdanganya yeye, na wewe nikakunyima. Sina amani, mwanangu. Si nzuri. Hali yangu si nzuri hata kidogo."

Hapo Bwanali akalia. Alilia waziwazi, mzee mwenye mvi, mchana kweupe uani kwake, na Shakila akamkumbatia pamoja na vumbi la korosho na kila kitu. Alijua angepaswa kuumia kwa uongo ule wa Nanganga, na aliumia. Lakini juu ya maumivu kulikuwa na kitu kingine, furaha ya ajabu isiyo na adabu, kwamba mama alikufa akimtegemea afike na si akimkosa. Na kwamba sasa amejua.

"Asante kwa kuniambia," alisema.

"Usikasirike."

"Nimekasirika, baba. Lakini asante."

"Haya," Bwanali alisema akijifuta kwa kikoi. "Kasirika. Hata hilo ni vizuri kulijua."

Wiki iliyofuata waliteremka Masasi wote watatu, kwa sababu Faidha alikataa kubaki. Mtoto wa jicho si ugonjwa wa kumaliza mtu, alisema daktari wa macho katika hospitali ya Mkomaindo, ila mzee amechelewa kuja. Bwanali akamjibu, "Nilikuwa naficha, daktari," na Shakila akamwona daktari akishangaa, maana wagonjwa hawasemi hivyo. Wakaanza na jicho la kulia.

Asubuhi ya pili muuguzi alimkalisha kwenye benchi la nje, akabandua bandeji, akamsafisha jicho taratibu kwa pamba. Bwanali alikodoa, akapepesa, chozi likamtoka. Shakila alisimama mbele yake bila kusema neno, asimsaidie kwa sauti.

Mzee alimtazama kwa muda mrefu. Alimtazama kuanzia juu mpaka chini, kama mtu anayekagua shamba lake baada ya safari.

"Umekonda," alisema. "Na hizo nywele nani kakusuka? Upande mmoja umepinda."

"Nimemsuka mimi," Faidha alisema, "na macho yako bado yanataka dawa."

"Zimepinda, shemeji. Naona."

Shakila alikuwa akicheka. Alitoa simu mfukoni, akatafuta picha ile ya asubuhi ya korosho, akaikuza, akampa. Hakumwambia ni ipi. Ile yenye nukta ilikuwemo humo humo kwenye simu, na baba yake alijua ziko mbili.

Bwanali aliishika simu kwa mikono yote miwili. Aliisogeza karibu, akaitenga, akafumba jicho la kushoto. Aliona weusi, nyota chache huku na kule, na katikati duara dogo la kijani. Muuguzi naye alisimama na bakuli lake kusubiri, asijue anasubiri nini. Kwenye uso wa mzee Shakila aliliona lile tabasamu la siku zote likianza kuja, lile la kumfurahisha mtu, kisha akaliona likiondoka.

"Hapa hakuna kitu, mwanangu," alisema.

"Umetazama vizuri?"

"Nimetazama vizuri. Hakuna."

Shakila alimbusu kwenye kipaji cha uso. Alichukua simu yake, akawaacha Bwanali na Faidha wakibishana juu ya nywele, akaenda stendi kukata tiketi ya basi la kumpeleka uwanja wa ndege.